Ni Plasta Tu

Mlioniacha wiki jana nikiwa juu ya ngazi, pini mdomoni na kitambaa cha dhahabu begani, poleni kwa kungoja. Nilishuka salama. Laiti ningeanguka nikavunjika mguu siku ile, leo ningekuwa nawasimulia kutoka wodini, nikila machungwa ya wageni, na dhambi yangu ingekuwa ndogo.

Kwa aliyefika leo: mimi ni Harun, mzaliwa wa Majengo hapa Nyeri. Kuku wangu walikufa, kibanda changu cha viatu Karatina kikabebwa na mvua, kisha Mzee Mutahi akaniokota na kunifanya meneja wa paking katika jengo lake mjini. Magari yanakaa ghorofa za juu, maduka yako chini. Na pale chini kabisa, ambapo njia ya magari inapanda juu ya kichwa chako, ndipo ilipo hoteli ya mke wangu Raudha. Chai, mahamri, pilau siku za Ijumaa. Chumba hicho alipewa kwa sababu mimi ni meneja. Meneja akifukuzwa, na sufuria zinafukuzwa.

Neno "meneja" ni tamu, jamani. Nilichapisha kadi. Mama mkwe, ambaye miaka yote aliniita "huyo", alianza kuniita Harun.

Kazi yenyewe ilikuwa kufungua geti, kufunga geti, na kueleza. Hiyo ya kueleza ndiyo iliyonimaliza.

Dereva akiuliza mbona dari inatoa maji, namwambia ni mvua. Akiuliza mbona kuna kutu inachuruzika ukutani, namwambia ni rangi ya zamani. Zege likimdondokea kwenye boneti, nampa kitambaa apanguse, kisha namwambia maneno aliyonifundisha Mzee Mutahi: "Ni plasta tu."

Wiki jana sikuwaambia ukweli wote kuhusu ile ngazi. Nilisema napamba kwa ajili ya ruracio ya Warigia, binti ya Mzee Mutahi, siku ya kupokea mahari yake. Kweli nilikuwa napamba. Sikuwaambia kile nilichokuwa nafunika.

Ngojeni nirudi nyuma kidogo.

Siku moja asubuhi aliingia kwenye paking dada mmoja kutoka Chuka, jina lake Gaceri. Ni injinia wa majengo, na ni dada ya Njoka, kijana anayemwoa Warigia. Alikuja kuona mahali ambapo watu wao watapokewa. Maana Mzee Mutahi, mwenye boma pana la nyasi huko Kiganjo, alikataa katakata mahari yake kupokewa nyasini. Alitaka iwe juu ya paa la jengo lake, Nyeri nzima ione, na mlima utokee nyuma kwenye picha.

Watu wengine wakishuka kwenye gari hutazama simu. Gaceri alitazama dari.

"Wewe ndio meneja?"

"Ndimi," nikasema, nikatoa kadi.

Hakuipokea. "Hizi vitu nyeupe zinaning'inia hapa juu, zilianza lini?"

"Hizo ni chumvi. Jengo likizeeka hutoa chumvi. Hata binadamu hutoa jasho."

"Hiyo ni chokaa ya simiti," akasema. "Maji inapita ndani ya slabu, inaiosha, inatoka nayo. Na hii rangi ya kahawia kwa boriti ni vyuma zinaoza huko ndani. Chuma ikishika kutu inafura. Ikifura inasukuma simiti nje. Unaona hii ufa vile inafuata boriti mpaka mwisho? Hiyo si ya plasta."

Akatoa nyundo ndogo kwenye mkoba. Mkoba wa kike, mzuri, wa ngozi, na ndani nyundo! Akagonga nguzo: ko, ko. Sauti ya kitu kilichoshiba. Akagonga ile boriti ndefu inayoanzia juu ya hoteli na kuvuka njia ya magari: po, po. Sauti ya jerikeni tupu.

Hata mimi niliyeshindwa na hesabu shuleni nilielewa jerikeni tupu.

"Hapa chini kuna nani?" akauliza.

Nikafikiria kadi zangu. Nikamfikiria mama mkwe. "Hakuna mtu," nikasema. "Ni stoo."

Raudha akachagua wakati huohuo kupaza sauti kutoka chini: "Harun! Kuja uone hii mlango yako!"

Gaceri akanitazama bila kupepesa. "Stoo yako iko na mdomo," akasema, akaenda kumtafuta Mzee Mutahi.

Mzee alimsikiliza hadi mwisho, mikono juu ya tumbo, anatabasamu.

"Kwa hivyo jengo yangu ni mbaya."

"Ni mgonjwa, Mzee. Funga paking leo. Weka propu chini ya hiyo boriti, na hao watu wa hoteli watoke. Ruracio tufanyie Kiganjo."

"Na rori yenu ya mahari isipande juu?"

"Hata bodaboda isipande."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Harun, umesikia hawa watu wa Chuka? Hawajareta hata mbuzi moja na wameanza kushusha bei! Leo jengo ni mbaya, kesho msichana ako na kikohozi. Mami, mimi nimeoza wasichana wengine mbele ya huyu. Hiyo mchezo naijua."

"Si mchezo, Mzee. Hii kitu itaua watu."

"Eeh, sawa sawa. Endelea hivyo hivyo."

Mnaona? Kila neno la Gaceri liliingia sikioni kwa Mzee likiwa neno la kupatana mahari. Alivyozidi kusisitiza, ndivyo Mzee alivyozidi kumpenda. "Huyu msichana ni moto," aliniambia baadaye. "Ati ni nani alimfundisha kubishana hivyo?"

Lakini mkwe ni mkwe. Ili asionekane mtu mgumu, Mzee aliruhusu zile nguzo za chuma ambazo mafundi huziita propu. Gaceri mwenyewe alisimama pale mpaka zikakazwa chini ya boriti. Nilipata usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu nichapishe kadi.

Ijumaa Mzee akaniita.

"Toa hizo vyuma."

"Mzee, injinia alisema..."

"Injinia alisema, injinia alisema! Ziko katikati ya njia. Rori ya wageni itapitia wapi, kwa mgongo yako? Na picha itatoka kama mahali ya mjengo. Toa, halafu ufunike hizo nyufa na kitambaa."

Nikazitoa. Mimi Harun, kwa mikono hii, nilizilegeza moja baada ya nyingine. Kisha nikapanda ngazi na kitambaa cheupe na cha dhahabu. Hapo ndipo mliponiacha.

Niliposhuka, Raudha alikuwa ameshika kiuno mbele ya hoteli yake.

"Harun, hii mlango inakula nini? Juzi uliiranda. Leo imenenepa tena."

"Ni mvua. Mbao inakunywa maji."

"Mvua ya wapi? Jua imetuchoma wiki mzima."

Nikachukua randa, nikaunyoa mlango juu, nikaunyoa chini, mpaka chini ukabaki mwanya wa kupitisha paka. Ukafunga. Raudha akajaribu, akaridhika, kisha akanionya kwa kidole.

"Kesho usiingie huku ndani. Kuna mambo ya wanawake."

Nilidhani ni zile siri zake za pilau. Nikacheka.

Jumamosi mpambaji alifika mapema kumalizia maua. Alipofika chini ya boriti akasimama akapiga makofi.

"Meneja, kumbe uko na mkono! Angalia vile kitambaa inashuka. Nani alikufundisha kuweka tumbo hivyo?"

Nikatazama. Sikuwa nimeweka tumbo lolote. Nilikuwa nimekivuta kitambaa kikakaza. Sasa kilikuwa kimelegea katikati na kushuka, kizito, hadi pini zinajikunja.

Nikachukua mpini wa ufagio, nikakisukuma kwa chini. Kikalia kwa ndani, kokoto juu ya kokoto. Kipande kimoja kikatokea pembeni kikanigonga bega. Kilikuwa na ukubwa wa andazi, na ubavuni kilikuwa na alama nyekundu ya kutu, mahali chuma kilipolala.

Niliogopa. Sisemi niliingiwa na wasiwasi, huo ni ugonjwa wa mameneja. Kwa chini nilisikia Raudha akiimba na sufuria zikigongana.

Nikapanda mbio hadi juu ya paa. Mzee Mutahi alikuwa ndani ya suti, anapanga viti vielekee mlimani.

"Mzee, zege linaanguka. Kitambaa kimejaa."

"Ni plasta tu."

"Plasta haina kokoto, Mzee!" Nikamwonyesha kile kipande.

Akakichukua, akakigeuza, akakitia kwenye mfuko wa koti ili wageni wasikione. "Harun, wewe ni meneja ama ni nabii? Enda kwa geti. Wageni wako hapo Ruring'u."

Basi, kwa wasio wa huku: wageni wa ruracio hawaingii hivihivi. Wanawake wa upande wa msichana hufunga geti na kuimba kwamba hatuwajui, rudini mlikotoka, hapa hapana msichana. Wageni hujibu kwa wimbo na kwa zawadi. Na mlinda geti akiwa mkaidi, heshima ya pande zote inapanda.

Shida yangu mnaiona inakuja.

Msafara ukaingia kwa honi, magari yamefungwa maua, na nyuma kabisa lori limebeba mbuzi, mikungu ya ndizi na tangi jeusi la maji, kubwa kama chumba cha kupanga. Msemaji wao, Mzee Mburugu, baba mdogo wa bwana harusi, akashuka na fimbo na kofia ya manyoya.

"Hodi hapa! Sisi ni watu ya Chuka. Tumesikia kuna ua inachanua huku ndani."

Wanawake wakaanza wimbo. Mimi nikajitupa mbele ya geti, mikono nimeitanua.

"Msiingie! Jengo linaanguka!"

Vigelegele vikapasua mji.

Mzee Mburugu akageukia watu wake, macho yanang'aa. "Mmesikia huyu? Ati jengo inaanguka! Nimezeeka kwa hizi ruracio na hiyo sijasikia. Mpatieni soda!"

Kreti ikawekwa miguuni pangu.

"Sitaki soda! Dari imepasuka, nimeifunika kitambaa mimi mwenyewe!"

"Mpatieni blanketi!"

Nikafunikwa blanketi mabegani.

"Wallahi mtakufa!"

Mzee Mburugu akafuta machozi ya kicheko. "Anaapa hata! Huyu ni mlinda geti wa ukweli. Leteni mbuzi."

Nikawa nimesimama pale na blanketi begani, soda miguuni na kamba ya mbuzi mkononi, nalia kwa sauti, na watu wananipiga picha. Wanawake wa kwetu walinibusu mashavu. Mmoja akaninong'oneza, "Usiregee hapo, Meneja. Bado wako na sukari kwa gari."

Ndipo Gaceri akashuka na kupenya watu.

"Baba mdogo, huyu anasema ukweli. Si niliwaambia nyumbani?"

"Gaceri!" Mzee Mburugu akashika moyo kwa mzaha. "Na wewe ulienda upande wao lini? Walikununua na nini?"

Watu wakacheka zaidi. Gaceri akanigeukia mimi.

"Propu ziko wapi?"

Nikatazama mbuzi.

"Meneja. Propu ziko wapi?"

"Nilizitoa."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alitazama ile boriti na kitambaa chake cha dhahabu, kisha akatazama lori, na uso ukamkauka.

"Hiyo tangi imejaa," akasema. "Waliijaza maji njiani, hapo Kiganjo."

"Mnabeba maji kuleta Nyeri? Kwani hapa hatuna mifereji?"

Mzee Mburugu ndiye aliyejibu, kifua mbele. "Kwetu chombo haiendi kwa wakwe ikiwa tupu. Hata kama ni tangi."

Gaceri akanishika blanketi, akanivuta sikio karibu na mdomo wake. "Toa bibi yako. Mimi nitasimama mbele ya lori."

Nikakimbia. Na mbuzi akakimbia, maana kamba ilikuwa bado mkononi.

Nikageuka mara moja tu. Gaceri alikuwa amesimama mbele ya lori, mikono juu. Shangazi wa pande zote mbili wakamzunguka kwa wimbo, wakamfunga leso, wakamwinua juu juu na kumweka kando, anapiga mateke na wao wanashangilia. Geti likafunguka. Aliyelifungua ni Mzee Mutahi mwenyewe. Uvumilivu ulikuwa umemwisha huko juu, akashuka kuja kupokea watu wake.

Mlango wa hoteli ulikuwa umefungwa. Nikasukuma. Nikasukuma kwa bega.

"Raudha! Fungua!"

"Si nafungua! Haifunguki! Harun, uliiranda aje hii mlango?"

"Vuta!"

"Navuta!"

Dirishani kuna grili. Niliiweka mimi, ya chuma kizito, nikajisifu kwamba mwizi atazeeka hapo nje. Nikaitikisa, haikusogea hata kidogo. Vumbi likaanza kunishukia kwenye blanketi, jembamba, bila kelele.

"Raudha," nikasema, "mlango hauna makosa."

Akaacha kuvuta.

"Ni jengo. Boriti inaukalia. Injinia aliniambia ile siku alipokuja. Aliniuliza nani yuko huku chini."

"Ukasema?"

"Nikasema ni stoo."

"Uliniita nini?"

"Stoo. Raudha, nisamehe. Niliogopa watatufukuza. Nilikuwa natoa mbao na najua si mbao."

Nilimsikia akipumua upande wa pili.

"Hiyo ya stoo tutaiongea," akasema mwishowe. "Saa hii sikiza. Siko peke yangu."

"Uko na nani?"

"Si nilikuambia ni mambo ya wanawake!"

Ndipo akili yangu ikafunguka, ikachelewa kama kawaida yake. Siku kama hii msichana hufichwa na wenzake, wanafunikwa leso kichwa hadi vidole, na bwana harusi anatakiwa kumtambua ni yupi. Mahali pa kujificha haambiwi mwanamume yeyote. Hata baba mzazi haambiwi, maana baba anaweza kuhongwa na wakwe.

Sauti ya pili ikatoka nyuma ya mlango, changa, imezibwa na nguo. "Meneja? Ni Warigia. Mwambie Baba asipitishe hiyo lori hapa juu. Tafadhali."

Nikageuka. Magurudumu ya mbele yalikuwa tayari yamegusa njia ya kupanda. Mzee Mutahi alikuwa mbele yake, anarudi kinyumenyume na suti yake, anaita lori kwa mikono yote miwili. Mfuko mmoja wa koti ulikuwa umeshuka kwa uzito wa lile zege. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kiasi hicho.

"Mzee!" nikalia. "Simamisha! Warigia yuko hapa! Yuko hapa chini!"

Wanawake wa geti wakapiga vigelegele vya mwisho wa dunia. Mlinda geti ametaja maficho! Watu wa Chuka wakacheka, wakidhani wanadanganywa. Mzee Mutahi naye akacheka, akanitishia kidole kama mtoto mtundu.

"Harun! Wewe unataka kuwapoteza njia! Wewe ni hatari!"

Kisha akaligeukia lori.

Pale chini nilipounyoa mlango sana, kwenye ule mwanya wa paka, vikatokea vidole vya Raudha, vyeupe kwa unga wa mahamri. Nikapiga magoti nikavishika. Mlango mzima wa hoteli ukaanza kulia kama kiti kinachokaliwa na mtu mzito.

"Kuja!" Mzee Mutahi alikuwa akiita. "Kuja, kuja, kuja! Iko sawa!"